Chupa ya Uji Ukweni

Hii habari hata niipindeje, bwege nabaki mimi. Naisema mwenyewe kabla mjomba hajaisema, maana yeye anaongeza chumvi.

Nilikuwa na vidonda vya tumbo. Kijana mwenye nguvu zangu, nauza mitumba Igogo, nabeba robota begani, lakini pilipili ikipita jirani najikunja. Daktari, mzee mmoja asiyecheka, alinipa vidonge na masharti. Niache pilipili, maharage, soda, sigara, chai ya rangi, ugali wa muhogo. Nikamuuliza kama kupumua naruhusiwa. Akasema ndiyo, ila nisikae na njaa. Kila baada ya saa tatu niweke kitu tumboni, hata kikombe cha uji.

Basi kila mtu akawa daktari. Jirani yangu wa meza akaniletea maji ya kabichi, muuza dagaa akaleta asali, mama mwenye nyumba akaapa kwa maziwa. Nilikunywa vyote. Tumbo likanguruma kama meli inayotoka bandarini.

Katika hali hiyo ndiyo siku ikafika ya kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, ng'ambo, Sengerema. Mjomba ndiye alikuwa mshenga. Kwenye kivuko akanionya nisithubutu kutaja vidonda, watu hawatoi binti akaanze ndoa kwa kuuguza. Na chakula nile, kwa sababu mkwe anayedonoadonoa ana dharau. Nikamwonyesha chupa ya chai niliyoijaza uji, nimeificha kwenye begi chini ya shati. Mjomba, ambaye ameshaozesha vijana sita, akasema hiyo ndiyo akili.

Tukapokelewa vizuri sana. Mchana wakaleta ugali wa udaga, muhogo mtupu ule, na sangara mwekundu kwa pilipili. Nikala huku natabasamu. Saa tisa tumbo likawaka moto. Nikaaga kwamba naenda chooni, nikazunguka nyuma ya zizi, nikachuchumaa, nikamimina uji. Nilikuwa kikombe cha pili shangazi wa binti alipotokea na mzigo wa kuni. Akaiangalia chupa, akaniangalia mimi, akapita zake.

Niliporudi ndani shangazi alikuwa ameshawaambia. Mgeni anayekuja na chakula chake ukweni, tena akakila kwa kujificha, kwetu ana maana moja tu: anaogopa kulishwa sumu. Nilikuwa nimewaita wachawi bila kufungua mdomo. Na nalijua hilo tangu mtoto! Ila ukiumwa tumbo unafikiria tumbo.

Baba wa binti akauliza kwenye chupa kuna nini. Kabla sijajibu mjomba akadakia.

"Dawa tu, mzee wangu."

Mzee akasogeza kiti nyuma. "Dawa ya kumfanya nani nini?"

Nilitamani kumziba mjomba mdomo kwa ule udaga. Mchumba wangu alikuwa mlangoni, hanitazami kabisa, nikaona ndoa inaondoka hivihivi. Nikapiga magoti nikasema yote: vidonda, daktari, pilipili, saa tatu. Nikamimina kikombe, nikanywa nusu mbele yao, nusu nikampa mzee kwa mikono miwili. Akanusa. Akaonja.

"Hauna hata sukari," akasema, kama mtu aliyefiwa.

Wakaingia chumbani kushauriana, wakakaa humo mpaka mjomba akaanza kusali. Walipotoka mzee akasema tu turudi baada ya mavuno, tutaongea. Sikujua hiyo ni ndiyo au ni hapana, na mjomba mzoefu naye hakujua.

Shangazi ndiye aliyetusindikiza. Njiani akanivuta pembeni, mjomba ametangulia.

"Ukija tena tafuta mshenga mwingine," akaniambia. "Wewe na tumbo lako tutakupikia. Huyo mjomba wako ndiye ametushinda."