Siku Baba Alipokataa Kutoka Uwanjani

Baba alikuwa winga wa kushoto wa timu ya mtaa wetu hapa Kibondo kabla ya kwenda Vita vya Kagera. Alirudi na kipande cha bomu kwenye paja, na tangu hapo mpira akawa anausikiliza redioni, akiwagombeza mabeki kana kwamba wanamsikia. Habari za vita hakupenda kuzisimulia, isipokuwa moja. Huko Uganda, mapigano yalipotulia, yeye na wenzake walicheza na vijana wa kijiji fulani, askari wakiwa na mabuti yao, na wakafungwa.

"Vita tulishinda, mpira tukafungwa," alikuwa akisema, huku anacheka mpaka anafuta machozi.

Mwaka juzi maveterani wa Kibondo waliwaalika wenzao wa Kasulu. Baba aliombwa apige mpira wa kwanza, kisha arudi kukaa na wageni. Mama alimnyooshea suti. Tulipofika uwanjani akavua koti, na shati pia. Ndani alikuwa amevaa jezi.

"Kumbe ulijua tangu nyumbani!" Mama akamaka.

Alipiga ule mpira, watu wakapiga makofi. Refa akamwonyesha njia ya kutokea. Baba akatembea upande wa pili, akasimama karibu na mstari wa kushoto.

"Mzee, tayari. Karibu ukae," refa akamwambia kwa heshima.

"Jeshini nilitii amri za kila mtu. Leo sitoki."

Mama akaacha Kiswahili, akaanza kumfokea kwa Kiha, na jukwaa zima likavunjika mbavu. Refa akapuliza filimbi, mchezo ukaendelea Baba akiwa palepale.

Kukimbia hakuweza. Beki wa Kasulu, mwenye duka mmoja mnene mwenye adabu zake, akamsogelea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Kasulu?"

Yule bwana akafungua kinywa ajibu, na mpira ukamfikia Baba mguuni. Aliuchonga kwa kushoto, ukapaa juu ya vichwa vya mabeki, mwalimu mmoja wa timu yetu akaruka na kuusukumia wavuni kwa kichwa. Mama, aliyekuwa bado anafoka, nilimwona anarukaruka na kanga mkononi.

"Refa!" beki akalalamika. "Nilikuwa namwamkia!"

Baba akainua mkono mwenyewe kuomba kutoka. Alikuwa anahema, uso unameremeta kama wa bwana harusi.

Jioni paja lilivimba. Mama alikuwa akimkanda kwa maji ya moto, akinung'unika na kucheka kwa zamu, yule beki alipopiga hodi kuaga kabla ya safari.

"Mzee, mkija kwetu Kasulu, salamu zangu utazipata filimbi ya mwisho ikishalia."

Baba akamkaribisha kwenye mkeka, akamwambia Mama aongeze ugali.