Kiti cha Jiwe Bwawani

Siku tuliyomzika baba, msemaji wa familia aliita watoto kwa umri waje kuweka udongo kaburini. Mimi ndiye kifungua mimba wa nyumba yetu ya Igoma, kwa hiyo nilishapiga hatua kwenda mbele niliposikia likiitwa jina ambalo si langu. Mwanamke mmoja mrefu, mwenye paji la uso la baba kabisa, akanipita, akainama, akachota udongo. Ndivyo nilivyojua kwamba baba alikuwa na nyumba nyingine Kisesa, na kwamba nina dada. Mama hakuinua uso, alibaki akitazama miguu yake.

Baada ya wiki kadhaa dada huyo alinipigia simu.

"Mdogo wangu, kuna mahali baba alikuwa anapapenda sana. Njoo nikuonyeshe. Tutatembea kwa miguu tu, si mbali."

Mdogo wangu! Nilitaka kumkatia. Sikukata, kwa sababu nilitaka kumtazama vizuri huyo aliyenitoa kwenye nafasi yangu mbele za watu, na pia kwa sababu nilikuwa na silaha yangu.

Nilipokuwa mtoto, baba, ambaye alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, alinichukua Jumamosi fulani fulani za masika tukavuka vilima mpaka kwenye maporomoko ya maji porini. Si makubwa. Maji yanateremka katikati ya majabali, yanaangukia kwenye bwawa, na ndani ya bwawa kuna jiwe bapa lililozama kidogo. Ukilikalia, maji yanakufika kiunoni.

"Hiki ni kiti chako," aliniambia. "Hajawahi kukikalia mtu mwingine."

Mama alikuwa mkali sana kuhusu kichocho. Hata ziwani hakutaka tuchovye mguu. Kwa hiyo baba alinikonyeza, akasema mama asijue. Nikirudi nyumbani na gauni limelowa, nilisema tumenyeshewa na mvua. Wadogo zangu hawakuwahi kupelekwa kule. Sasa hao wa Kisesa wachukue kiwanja, wachukue mabati na mashine ya kuchomelea, vikao vya ukoo vitajua la kufanya. Kiti kile kilikuwa changu peke yangu, na nilikusudia kumwambia hivyo dada mtu akianza kujidai.

Bahati mbaya hakujidai. Alinipokea Kisesa, akaninyang'anya mkoba akaubeba yeye, na tulipoacha mashamba na kuingia kichakani alitangulia akinikunjia matawi ya miiba nisichanike. Nilimwitikia kwa "mm" na "ee". Yeye aliongea njia nzima: baba alivyokuwa anakoroma, baba alivyokuwa anapenda matobolwa, viazi vile vya kuchemsha na kukaushwa, baba hivi, baba vile. Kila alipotamka neno hilo nilisikia kama mtu anaingiza mkono kwenye mfuko wangu wa sketi. Nilikasirika zaidi kwa kuwa yote aliyoyasema yalikuwa kweli. Alikoroma vile vile.

Tulipanda kilima nisichokijua, tukasikia maji, tukatokea juu ya majabali. Nikachungulia chini.

Nilikuwa nimezoea kufika pale kwa upande wa pili, kwa hiyo ilinichukua muda kidogo. Kisha nikaliona jiwe bapa.

Dada alishashuka. Alijifunga kanga vizuri, akaingia majini, akaligonga jiwe kwa kiganja, akasema, "Hodi mwenye nyumba!"

Hayo yalikuwa maneno ya baba. Kenge hupenda kujificha pale, na yeye aliwapigia hodi watoke kwanza. Nilikuwa naamini utani ule aliutunga kwa ajili yangu.

"Njoo, mdogo wangu," dada akaniita. "Kaa hapa. Hiki ni kiti changu, baba alinipa nikiwa mdogo sana. Aliniambia hajawahi kukikalia mtu mwingine. Leo nakupa wewe."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nilisimama ukingoni na viatu mkononi. Pale kaburini nilimkasirikia baba, lakini pale bwawani nilimchukia, na sioni sababu ya kulipamba neno hilo. Kiwanja angeweza kukigawa mara mbili, mapenzi pia, wanaume wengi wanafanya hivyo. Lakini ile sentensi moja ya uongo, mzee mzima, alishindwa hata kuibadilisha maneno!

"Hakuwahi kukuleta huku?" dada akauliza.

Silaha yangu bado nilikuwa nayo, tena sasa ilikuwa na makali kuliko nilivyokuja nayo. Ningesema neno moja tu, naye angebaki mikono mitupu kama mimi. Nilimtazama. Alikuwa ameshasogea, amenipisha, anangoja kwa furaha kabisa.

"Hapana," nikasema. "Ndiyo kwanza napaona."

Nikaingia, nikakaa kama mgeni kwenye kiti changu. Akaniuliza kama maji ni ya baridi. Nikasema kidogo. Akacheka kicheko cha baba, akanipa matobolwa, nikala.

Nilifika Igoma jua bado kali. Mama alikuwa uani anaanua nguo. Alinitazama sketi, ilikuwa bado mbichi na imenigandia mapajani, akaniuliza nilikuwa wapi.

"Nimenyeshewa, mama," nikamjibu kabla sijafikiri.

Mama aliangalia uani, kukavu, vumbi tupu. Akachomoa kanga moja kwenye zile nguo zilizokauka, akanipa nibadilishe.

"Baba yako naye," akasema, "alikuwa ananyeshewa sana siku za Jumamosi. Hata zile ambazo hakwenda na wewe."