Mama Haloo na Nzuri ya Kwanza

Ukipiga simu chuoni kwetu wakati wowote katika miaka ile ishirini na saba, mpokeaji alikuwa mmoja tu. Alisema "haloo" kwa kuivuta mpaka mpigaji akasahau alichotaka kulalamikia, na ndiyo maana wanafunzi wakambandika jina la Mama Haloo. Mbele yake walimwita shangazi. Mimi nilimwita dada, kwa kuwa alinizidi miaka sita na hakuniacha nisahau.

Mimi ni mtunza stoo wa chuo hichohicho cha ufundi. Dirisha langu la kutolea vifaa lilitazamana na meza yake ya mapokezi, korido tu ikitutenganisha, kwa hiyo nimemsikia akisalimia watu zaidi kuliko mumewe alivyowahi kumsikia. Na niseme wazi: salamu zake zilinichosha. Mtu anapiga kuuliza muhula unaanza lini. Dada anamuuliza hali yake, hali ya nyumbani, mama, baba, watoto, na ule mguu uliokuwa ukimsumbua mwaka jana, halafu ndipo anasema, "Haya, nikusaidie nini?" Mkuu wa chuo aliwahi kubandika tangazo kwamba simu isizidi dakika tatu. Dada alilisoma lote, akasema limeandikwa vizuri, akalikunja mara nne na kulitia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza.

Mimi ni kinyume chake. Kwangu unakuja dirishani, unasema spana namba ngapi, unasaini, unakwenda zako. Daftari langu la stoo lilikuwa halijawahi kufutwa mstari hata mmoja, na nilijivuna kwa hilo kama mwenzangu anavyojivunia wajukuu.

Kisha ukaja ule ugonjwa. Chuo kikafungwa ndani ya siku moja, wanafunzi wakatoka getini na magodoro kichwani, na sisi tukadhani ni mambo ya wiki mbili. Miezi ilipopita, chuo kikapata fedha za kuwaokoa wanafunzi waliokwama. Ilikuwa ruzuku ya dharura, si mkopo: ukikubaliwa, ada ya muhula unalipiwa, na kiasi kingine kinaingia kwenye simu yako ule na wenzako nyumbani. Maombi yalijazwa kwa intaneti. Nusu ya wanafunzi wakajaza, nusu nyingine wakawa kimya. Ilihitaji kikao kizima kugundua kwamba mwenye shida ya kweli hana hela ya intaneti.

Basi ikaamuliwa tuwapigie simu waliokuwa kimya. Mratibu wa shughuli alikuwa kijana mpole mwenye saa kubwa mkononi, aliyeamini majedwali kama mwingine anavyoamini dawa za mitishamba. Alituketisha watu watano katika ukumbi wa mikutano, meza zikiwa zimeachana, madirisha wazi, barakoa usoni, tukizungumza kwa kupaza sauti kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Kila mmoja alipewa orodha, simu na fomu. Fomu ilikuwa na swali moja, "Hali yako na ya nyumbani ikoje kwa sasa?" na visanduku vitatu. A ni shida kubwa, B ni ya wastani, C hana shida.

"Wa C hapati kitu," Mratibu alisema. "Na Ijumaa saa sita mchana fomu zinakwenda kwenye kamati. Baada ya hapo hakuna nyongeza."

Nilianza Jumatatu kwa kasi ya mtu aliyezaliwa kwa kazi ile. "Haloo, chuo hapa, mtunza stoo. Hujambo? Nyumbani wazima? Haya, vizuri." Tiki. Anayefuata. Kufikia Jumanne jioni nilikuwa nimemaliza watu mia moja na thelathini, na karibu wote walikuwa C. Nilifurahi kweli. Nilijiambia kumbe watu wetu wanaweza kuhimili mambo, kumbe tunaogopa bure.

Katika hao alikuwemo Koki. Jina hilo alipewa na wenzake, kwa kuwa alikuwa binti pekee katika darasa la ufundi bomba na hakuna koki iliyovuja chuoni ambayo hakuifungua kuona imekufa kwa nini. Alikuwa mwaka wa mwisho. Ndiye mwanafunzi pekee aliyerudisha spana zangu zikiwa zimefutwa kwa kitambaa, nami nilimpenda kama mwanangu. Alipopokea akacheka, "Mjomba wa stoo! Shikamoo!" Nikamuuliza hali, akasema nzuri kabisa. Nyumbani? Wazima wote. Nikamwambia safi sana, kaza buti, nikatia tiki kwenye C nikiwa natabasamu ndani ya barakoa.

Dada yeye, kufikia Jumanne jioni hiyohiyo, alikuwa amewafikia watu ishirini na wawili. Na kumi na tisa kati yao ni A.

Jumatano wakati wa chai Mratibu akaja amebeba fomu zetu. Mimi nilipewa hongera mbele ya watu. Kwa dada alisita kidogo, maana yule mama alikuwa anafanya kazi pale kabla yeye hajaota meno.

"Shangazi," akasema, "wako karibu wote wana shida kubwa. Wa Bwana Stoo karibu wote hawana. Na orodha nilizichanganya mwenyewe. Inakuwaje?"

"Tena mwenzio anaongea nao mpaka wapate kiu," nikadakia. "Labda shida yenyewe ni hizo simu zake."

Watu wakacheka. Dada naye alicheka, huwa hanuni. Akanyoosha mkono akaomba fomu zangu, akavaa miwani, akazipitia moja moja kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Koki hana shida?"

"Hana. Kaniambia mwenyewe nzuri kabisa."

"Ulimuuliza mara ngapi?"

"Dada, swali ni moja. Mara ngapi tena?"

"Na wewe ukaiamini nzuri ya kwanza?" Aliniangalia kwa mshangao wa kweli, kama nimemwambia nimenunua mbuzi ndani ya gunia. "Mdogo wangu, ulipofiwa na kaka yako, asubuhi ile nilikuuliza hujambo, ukasema sijambo. Nikakuuliza wa nyumbani, ukasema wazima. Ukafungua dirisha ukagawa misumari. Nimekuja kukuuliza tena saa nne ndipo ukaniambia unataka ruhusa ya kwenda kuzika. Sasa wewe mtu mzima ulijikaza kisabuni namna ile, unategemea mtoto wa watu akutapikie shida zake kwa sekunde tatu?"

Kuna wakati mtu anakwambia jambo lako mwenyewe na unaona ni kweli tupu, na hasira inakupanda kwa sababu hiyohiyo. Nikamwambia basi mpigie, tusikie sote, tukate mzizi wa fitina. Akapiga, akaweka spika. Mratibu akaitazama saa yake.

"Haloo, Koki mwanangu. Ni shangazi wa mapokezi."

"Shangazi! Shikamoo!"

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo kabisa."

"Nyumbani wazima?"

"Wazima wote, shangazi."

Nikakunja mikono kifuani. Si mmesikia?

"Mama yuko kazini?" dada akaendelea, wala hana haraka. "Bado yuko kule hotelini anakofua mashuka?"

"Mama yupo tu hapa nyumbani."

"Anaumwa?"

"Hapana, haumwi. Hoteli ilifunga."

"Pole. Tangu lini?"

"Tangu mlipotufungia chuo."

Mratibu akaacha kutazama saa.

"Sasa mnakula nini, mwanangu?"

"Tunakula tu, shangazi, tunashukuru."

"Jana mlikula nini?"

Tulisikia mtoto analia mahali fulani nyuma yake, na mlango ukifungwa.

"Jana wadogo zangu walikunywa uji."

"Na wewe?"

"Mimi sikuwa na njaa."

"Na leo?"

"Leo tutapata, usiwe na wasiwasi. Kuna fundi mmoja anakuja saa saba kuchukua sanduku langu la spana."

Nilisimama. Sanduku lile nalijua. Wanafunzi wa bomba wa mwaka wa mwisho wanaingia kwenye mtihani wa vitendo na vifaa vyao wenyewe, asiye navyo haingii. Koki alivikusanya kwa miaka miwili, leo koleo, mwezi ujao msumeno wa chuma, na spana kubwa ya bomba aliinunua kwa kufanya vibarua likizo nzima.

"Na mtihani?" dada akauliza taratibu.

"Shangazi, mambo ya chuo nimeyaacha." Sauti ilikuwa ileile ya uchangamfu, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. "Barua nimeshaandika. Nasubiri nauli niilete."

Nilinywea pale nilipo. Binti angeuza sanduku, angeacha chuo, na pale mezani palikuwa na karatasi yenye saini yangu inayosema hana shida. Waswahili wanasema mficha maradhi kifo humfichua, na ni kweli, lakini sikuambiwa niwapigie niwahukumu kwa methali. Niliambiwa niwaulize.

Dada hakupoteza muda kulia. "Nisikilize. Sanduku haliuzwi. Huyo fundi akija mwambie shangazi yako amekataa. Akibisha, mpe simu."

"Shangazi, nimeshamwahidi."

"Mpe simu, nimesema. Na barua hiyo washieni moto mpikie uji."

Saa saba na robo fundi akapewa simu, akisema kwa ukali kwamba yeye hana muda wa kuchezewa. Masikini, hakujua anaongea na nani. Dada akamsalimia. Akamuuliza kazi, mke, watoto, mgongo. Ndani ya dakika kumi fundi akawa anamweleza kwamba maduka yote mtaani yanataka koki za kunawia mikono mlangoni, kazi zimemzidi, vifaa alivyo navyo havitoshi na kijana aliyekuwa akimsaidia amekimbilia kwao.

"Kumbe!" dada akasema. "Baba, sasa ukinunua sanduku si utapata chuma tu? Mchukue na mwenye sanduku. Huyo ni fundi wa mwaka wa tatu."

Jioni hiyo Koki alifunga koki mbili kwenye duka la dawa, na kwao wakala chakula cha usiku.

Lakini kula leo si kulipa ada. Fomu bado ilisema C. Nilimwomba Mratibu aibadilishe.

"Siwezi mimi," akasema. "Anayebadilisha ni yule aliyejaza. Afute, aandike sababu, asaini tena. Kamati itaona."

Nilikaa na kalamu. Ninyi mnaweza kuona ni jambo dogo, lakini mimi miaka ishirini na miwili sikuwahi kufuta mstari. Nikafuta C, nikaandika A, na kwenye sababu nikaandika: "Nilimuuliza nikiwa na haraka." Nikasaini. Kisha nikamwomba Mratibu anirudishie zote zilizobaki.

"Zote? Ni zaidi ya mia, mzee wangu."

"Zote."

Nilipiga simu mpaka sikio likapata moto. Mwanzoni nilikuwa mbovu kabisa, nasalimia kama polisi. Dada alinisikia kutoka meza yake akawa ananirekebisha kwa sauti: "Muulize mama yake! Usimkatize!" Kijana aliyeniambia Jumatatu kwamba yuko salama, kumbe alikuwa ametembea saa nzima kwenda kuchaji simu na alikuwa anaogopa isizimike tukiongea. Mwingine aliyesema wote wazima alikuwa analea wadogo wanne, wazazi wote wamelazwa. Mmoja nilimzungusha dakika kumi na tano nzima, akawa mzima kweli, akaniuliza kama mimi ndiye ninayeumwa. Mratibu naye alivua saa yake akaitia mfukoni, akachukua ukurasa mmoja wa orodha yangu, akavuta kiti.

Ijumaa saa sita kasoro dakika nane tulimpa fomu. Zangu zilikuwa zimejaa mistari ya kufutwa kama daftari la mtoto wa chekechea, na zaidi ya nusu ya zile C hazikuwa C tena. Kamati ikauliza maswali mengi, Mratibu akayajibu yote. Siku ya tisa fedha zikaingia.

Chuo kilipofunguliwa, Koki alikuja dirishani kwangu na sanduku lake. Alikuwa amekonda, lakini macho yaleyale. Nilimpa tepu ya kuzibia nyuzi za bomba, akasaini. Nikashindwa kujizuia.

"Koki, kwa nini mimi hukuniambia? Mimi ni mjomba wako."

Akatazama chini, akicheka kwa aibu.

"Niliposema nzuri ulifurahi sana, mjomba. Nikaona nisikuharibie siku yako."

Akabeba sanduku akaenda kwenye mtihani. Nilifunga dirisha katikati ya saa za kazi, nikavuka korido, nikamweleza dada maneno hayo, na nilipofika mwisho nikaanza kulia kama mtoto, mbele ya wageni. Dada hakusema "nilikwambia". Alinisogezea kiti, akaniwekea mkono begani. Simu ikaanza kulia mezani kwake. Akaiangalia, akaiacha ilie.