Nati Niliyosema Ipo

Iko siku moja, mwanangu, naikumbuka bila ya kutaka. Siku nyingine za ujana wangu zimeshanipotea. Hata ile niliyooa naikumbuka nusunusu, na mke wangu ananisuta kwa hilo kila akipata nafasi. Lakini hii haitoki.

Najua hapa gerejini mnanicheka. Mnasema mzee huyu kashaingiwa na wazimu: kabla mtu hajatanua mdomo wa paipu ya breki, anamuuliza mara tatu, "Nati ipo?" na hata akijibiwa haridhiki mpaka aende kuigusa mwenyewe. Chekeni, meno mnayo. Ila leo nimekusikia wewe ukinijibu "Ipo" na macho yako yako kwenye simu. Basi weka hiyo simu unisikilize.

Kazi hii nilifunzwa na Bwana Jivan, Mhindi wa Mji Mkongwe, kazaliwa hapa na baba yake kazaliwa hapa, Kiswahili chake kikinishinda mimi mtoto wa Makunduchi. Gereji yake ilikuwa papa hapa Kikwajuni. Watu wakimletea magari ya kale, yale ya kubebea maharusi, ayafungie injini mpya na breki mpya. Na chumvi ya kisiwa hiki unaijua haina adabu, paipu ya chuma cha kawaida inaliwa na kutu huku unaitazama. Kwa hivyo yeye akitumia stenlesi. Hailiwi na kutu, lakini ni kaidi. Shaba ukikosea utaikunjua uikunje tena, itakusamehe. Stenlesi inaweka kinyongo.

Alikuwa na gurudumu la chuma alilolichonga mwenyewe, akikunjia paipu juu yake taratibu, bila ya kupima mara mbili. Na karibu na kila ncha alikuwa lazima aache mkunjo mdogo, ili gari likitikisika paipu isivutike. "Paipu nayo ina haki ya kupumua," akisema. Kukunja ilikuwa kazi yake. Kutanua midomo na kufunga ilikuwa yangu. Na wewe unajua, nati huvishwa kwanza, mdomo ukishatanuka nati haipiti tena. Ndiyo maana popote alipokuwa, akinisikia nakaza jiliwa kuibana paipu, alikuwa akipiga ukelele, "Haji! Nati ipo?" Nami nikijibu, "Ipo, Bwana!"

Nilikuwa na miaka ishirini na sita na kichwa kikubwa kuliko kofia yangu. Siku hiyo alikuwapo mwenye gari, Bwana Masoud wa Kiembe Samaki, amekuja kulitazama gari lake. Bwana Jivan akaniuliza, "Nati ipo?" Nikajibu "Ipo!" kwa sauti, mgeni asikie jinsi nilivyo hodari. Haikuwapo. Ilikuwa ndani ya kopo, karibu na goti langu. Nilikuja kuiona mdomo wa paipu umeshatanuka vizuri, unang'ara, na ncha ya pili nimeshaimaliza tangu asubuhi, nati haina pa kupitia.

Lo! Palikuwa panataka neno moja tu: "Bwana, nimekosea." Angenitukana, angekunja paipu nyengine, tungekunywa chai. Mficha uchi hazai, na wazee hawakulisema hilo kwa ajili ya kupamba maneno. Lakini dakika ile ile nikamsikia akimwambia Bwana Masoud, "Huyu Haji ndiye mkono wangu wa kulia." Nikaukata ule mdomo, nikavisha nati, nikapiga tupa, nikatanua mwengine. Paipu ikawa fupi kwa upana wa kidole. Nikafanyaje? Nikaingia chini ya gari, nikaunyoosha ule mkunjo mdogo wa Bwana Jivan mpaka paipu ikafika, nikafunga.

Haikuvuja hata tone. Bwana Jivan magoti yake yalikuwa mabovu, chini ya gari akiingia kwa shida, na siku ile hakuingia kwa sababu alikuwa na mimi. Akakanyaga pedeli, akaiona ngumu, akanipiga bega, "Ahsante, mwanangu." Nami nikafurahi, hayawani mimi.

Mwezi haujesha, Bwana Masoud akawa anakwenda Matemwe kumchukua bibi harusi. Magari yale ya zamani, paipu moja ikikatika breki zote zimekwenda. Akakanyaga, pedeli ikazama mpaka chini. Akaona bora auelekee ukuta wa nyumba iliyokuwa ikijengwa kuliko watu walio njiani. Mguu ukavunjika mahali pawili. Bibi harusi alikuwa bado hajapanda, alhamdulillahi, maana leo ningekuwa nakuhadithia jengine.

Gari likakokotwa mpaka gerejini. Safari hii Bwana Jivan aliingia chini mwenyewe, na magoti yake hayo hayo. Akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa na paipu mkononi, imekatika shingoni pale pale nilipoivuta.

"Haji."

"Naam, Bwana."

"Mkunjo haupo. Miaka arubaini nakunja paipu, na huu nimesahau kuuweka." Akanitazama. "Na wewe ulipofunga hukuona?"

Nikamwambia, "Sikutazama, Bwana."

Unaona? Uongo wa kwanza ulinitoka kwa haraka. Huu wa pili niliufikiri.

Akaenda mwenyewe kwa Bwana Masoud akamwambia kosa ni la mkono wake. Akarudi, akafunga zana zake, na hakukunja paipu tena. Lile gurudumu akanipa mimi. "Chukua. Mie sijiamini tena," alisema. Nikalipokea, mwanangu! Kwa mikono miwili, na ahsante juu yake! Ndilo hilo mnalokunjia kila siku.

Ikapita miaka saba. Siku moja mkewe, Bi Kamla, akapita gerejini, akasema, "Haji, mwenzangu kila siku ananiuliza kama kafunga mlango, na ameshaufunga. Barua haandiki mpaka nimsomee. Anasema akili yake inamtoka, tangu ajali ya ile gari. Nami naona hana kitu." Hakuwa na kitu kweli. Ugonjwa ule nilimpa mimi.

Jioni ile nikenda kwao, Mji Mkongwe, nikapanda ngazi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha, akataka niletewe chai. Nikamweleza yote kabla chai haijafika.

Akaniuliza, "Ulikata kiasi gani?"

"Upana wa kidole, Bwana."

Akakitazama kidole chake. "Kwa hivyo mkunjo niliuweka."

"Uliuweka, Bwana."

"Kamla!" akaita, na sauti yake ilikuwa ya kijana. "Kamla, niliuweka!" Akacheka na machozi yanamtoka. Nami, kwa ujinga wangu, nikadhani nimesamehewa, nikatabasamu. Ndipo aliponigeukia.

"Mguu wa Masoud ulipona kwa miezi. Mimi umeniacha miaka saba nnajiogopa mwenyewe. Ungelinambia siku ile ningekutukana mpaka jioni, na kesho yake tungefanya kazi. Ondoka nyumbani kwangu, Haji."

Niliondoka. Nilirudi mara nyingi, na kila mara mlango ulifungwa kwa adabu. Alipofariki nilisimama njiani na wapita njia, nikalitazama jeneza la mwalimu wangu likipita, na sikuthubutu kutia bega. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, na moyo wake niliuua mimi, tena akiwa hana kosa. Usiniambie majuto ni mjukuu. Mjukuu hukua akaenda kwake. Haya yangu nnalala nayo na kuamka nayo.

Basi shika hili. Kosa la mkono lina dawa, utakata paipu nyengine. Kosa ukilificha halikai kwako, linakwenda kumkalia mwenzio, naye atalibeba akidhani ni lake. Usimwache mtu mwema ajishuku kwa ajili ya aibu yako, hata siku moja. Siku moja ndiyo inayozaa miaka saba.

Mwenyezi Mungu akupe mkono mwepesi wa kazi, na ulimi mwepesi zaidi wa kukiri. Akupe wa kukufunza, na akujaalie siku ya mazishi yake uwe miongoni mwa waliobeba.

Haya, inuka. Nenda kaitie kidole hiyo nati, ndipo uje unijibu. Na kama haipo, sema haipo.