Klachi Iliyopakwa Mafuta ya Maombi

Jamani, mkiniona navuka barabara haraka kila nikikutana na mtu aliyehudhuria ile harusi ya Lubunga, msinicheke, ni aibu tu, na hofu yake haijanitoka mwilini mpaka leo, maana mimi, fundi wa magari ninayejisifu kila kona ya Mangobo, nusura nimtumbukize mtoni bibi harusi pamoja na shela lake.

Gari lilikuwa la baba mkwe wangu (sema mkwe mtarajiwa, nilikuwa bado namchumbia binti yake mdogo, Aline). Gari la mbio, jeusi, la chini chini, likinguruma kuku wanakimbia, na ukiniuliza gari la namna hiyo linatafuta nini kwenye mashimo yetu sina jibu, mzee alilipenda tu. Binti yake mkubwa, Béatrice, alikuwa anaolewa ng'ambo ya mto, na mzee akaapa lazima afike kanisani ndani ya gari hilo. Shida ilikuwa klachi, ambayo sisi huku tunaiita ambreyaji: inateleza, ukikanyaga mafuta injini inapiga kelele lakini gari haliendi. Nikasema hiyo kazi ndogo, nitaibadilisha, na siku ya harusi nitaendesha mwenyewe. Nilitaka Aline anione.

Basi, siku moja kabla ya harusi, giaboksi liko chini, sahani mpya ya klachi iko mkononi, mama mkwe akaingia gereji na kichupa cha mafuta ya maombi, yale ya kikundi chake cha sala, anayopaka milango, mashine ya kusaga, watoto wenye homa, kila kitu.

"Bon, ile ya mupya ndiyo hii?" akauliza. "Leta nipake. Mutoto yangu atapanda humu."

"Mama, tupake kwa mulango."

"Mulango iko na ugonjwa? Ugonjwa ya gari iko wapi?"

"Iko hapa, Mama."

"Alors, tunapaka hapa."

Kila fundi anajua klachi haitaki hata tone la mafuta, ni sawa na kupaka sabuni kwenye nyayo halafu upande kilima. Nilijua! Lakini mama mkwe ni mama mkwe (mimi hata kumtazama machoni nilikuwa siwezi), nikampa sahani. Akachora msalaba mkubwa upande huu na upande ule, nami nikajiambia akitoka tu nitaisafisha kwa petroli. Hakutoka. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akiimba mpaka nikafunga boliti ya mwisho. Baadaye nikalijaribu gari hadi kona, likaenda vizuri, nikajidanganya kwamba mafuta yamekauka.

Asubuhi tukateremka mpaka mtoni bila shida, mteremko hauhitaji klachi, tukavuka na kivuko. Upande wa Lubunga ndiko kuna kilima cha udongo, na mvua ilikuwa imenyesha. Kiti cha nyuma yuko Béatrice na mama yake, huko juu watu wamejaa, bendi inapiga tarumbeta, na Aline amesimama mbele kabisa. Nikakanyaga mafuta. Gari likapanda mpaka katikati, halafu injini ikalia peke yake, ikatoka harufu kama mikate yetu ya mafuta inayokaangwa, na kwenye kioo nikaona maji yanasogea. Kumbe sisi ndio tuliokuwa tunayasogelea. Kivuko kilikuwa kimeshaondoka, nyuma yetu hakuna kitu ila mto.

"Iko narudia! Iko narudia!" watu wakapiga kelele, yaani gari linarudi nyuma.

Nikabana breki, magurudumu yakasimama, lakini matope yakaendelea kutuvuta. Béatrice alinishika kola kwa nyuma.

"Musiogope!" mama mkwe akasema kwa nguvu. "Ambreyaji ilipakwa mafuta!"

Nilitaka kulia. Mguu juu ya breki, nikawaza nitamwambia nini mzee mbele ya majeneza mawili. Ndipo mpiga ngoma wa bendi akakimbia akaitupa ngoma yake kubwa nyuma ya gurudumu, ikapasuka, lakini gari likasimama, matairi ya nyuma yameshalowa.

Béatrice alipanda toleka, baiskeli ya abiria, akaenda kuolewa na matope hadi magotini. Gari likavutwa kwa kamba na matonton, yaani wajomba na baba wadogo, waliovaa suti.

"Donc, wewe ndiyo fundi?" mzee akaniuliza mbele ya wote. "Uliweka nini humu ndani?"

Mama mkwe alikuwa ananitazama.

"Papa, nilikosea," nikasema, na kicheko cha watu kilifika ng'ambo. Mangobo nzima sasa inaniita Fundi Narudia.

Aline aliniombea msamaha kwa baba yake, gari likarudi gereji yangu, nikanunua klachi nyingine. Nimeishika hivi, nasikia viatu mlangoni: mama mkwe, na safari hii chupa nzima.

"Nimejua kosa yetu," akasema. "Ile siku tulipaka kidogo."

Wallahi niliuhisi ule mto nyuma yangu. Nikaficha sahani ndani ya ovaroli, nikapiga magoti.

"Mama, gari haina kosa. Kosa iko kwa fundi. Unipake miye."

Akanitazama sana, kisha akanimiminia yote kichwani, yakashuka masikioni hadi shingoni. Nikaoga mwili mzima kwa sabuni kabla ya kuigusa tena ile klachi. Na nimeapa: kichwa changu kipo, mama akitaka apake kila siku, lakini klachi, hata aje askofu mwenyewe, hapaki.