Karabai ya Rubafu

Baba mkwe alinikataa kwa adabu kabla hajawa baba mkwe. Alimwambia mshenga wangu, yaani baba yangu mdogo wa Muleba, kwamba kijana hana kosa, ila kazi yake haieleweki na safari yake ni ndefu mno. Kweli, nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo miaka minne, na nilitaka kuondoka na binti yake wa mwisho. Kibuyu chetu cha rubisi, pombe ya ndizi, hakikufunguliwa. Tukarudi na kingine mara ya pili.

Tulikaa barazani kwake Rubafu, huku Bukoba, ziwa lote likionekana kule chini. Mzee akanigawia punje mbili za kahawa ya kutafuna, akaanza.

"Haya, kazi yako ni ipi hasa?"

"Napima nyota zilizolipuka, tata," nikajibu, nikimwita baba kwa Kihaya ili nipate huruma.

"Zilizolipuka! Sasa unapima nini, majivu?"

Baba mdogo akakohoa. Binti, aliyesimama mlangoni, akaficha uso kwa kanga. Mimi nikajifanya profesa. Giza lilikuwa linaanza kuingia na mitumbwi ya dagaa imeshawasha taa.

"Tazama zile taa, tata. Zikiwa na nguvu sawa, inayoonekana hafifu ndiyo iliyo mbali. Kuna aina ya nyota ambazo zikilipuka hung'aa karibu sawasawa, kwa hiyo uhafifu wake unatuambia umbali. Kama ile pale. Ile ndiyo ya mbali kuliko zote."

Mzee akacheka mpaka punje ya kahawa ikamtoka mdomoni. "Mbali? Ule ni mtumbwi wa jirani yangu, uko hapo tu, hata makasia nayasikia! Ile ni karabai, pampu yake mbovu. Za wenzake ni za sola."

Lo! Nilitamani ardhi inimeze. Nilisahau kabisa kwamba mzee huyu alitengeneza karabai za wavuvi wa visiwa vya Muleba nusu ya maisha yake. Lakini maji nimeshayavulia nguo.

"Umenipata, tata. Hilo ndilo linalotuumiza kichwa." Nikamweleza kwamba kila nyota tunaifuatilia siku hadi siku: iliyowaka sana hufifia polepole, iliyowaka kidogo hufifia upesi. Tukishaijua taa, ndipo tunapima umbali. Na za mbali sana zilikutwa hafifu kuliko ilivyotarajiwa, maana yake ziko mbali zaidi. Ulimwengu unatanuka, na kasi inaongezeka.

Kicheko kikaisha. "Kwa hiyo kila kitu kinakwenda mbali," akasema, "na kinaongeza mwendo." Akamtazama binti yake. Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa anaogopa, nikajionea aibu.

"Si kila kitu, tata. Vilivyo karibu vinashikana. Bukoba na Muleba haziachani."

Akatafuna kahawa yake bila haraka. Kisha akamwambia baba mdogo asogeze kibuyu, akakifungua kwa mkono wake mwenyewe. Nilitaka kurukaruka kama mtoto.

"Mpeleke," akaniambia. "Lakini kila Jumapili baada ya misa mnipigie simu. Sauti ya mwanangu naijua tangu anazaliwa. Ikififia, nitajua kama ni umbali au ni wewe."

Miaka minne, sikuthubutu kukosa Jumapili hata moja.