Nyumba ya Kibomet na Binti Ambaye Hakuulizwa

Ipo siku moja siisahau, mwanangu. Ni siku ambayo Wafula alibisha mlango wetu kule Kibomet, pale Kitale, akiwa amevaa koti la marehemu baba yake. Baba yake ndiye aliyekuwa mwenye nyumba tuliyopanga, mzee mpole wa Ndalu, na tulikuwa tumesikia kwamba ameshazikwa kwao. Wafula hakutaka hata kukaa. "Mama Simiyu," akaniambia, "hii nyumba nauza. Nimeanza na nyinyi kwa sababu mnaishi ndani. Lakini msichelewe, bana. Kuna mfanyabiashara wa mahindi kule Moi's Bridge, ananisumbua kila siku."

Wacha nikuambie ukweli, nilitaka kuruka. Tangu niolewe nilikuwa nimehamahama nyumba za watu, sufuria kichwani, mtoto mgongoni. Nyumba ile niliijua. Nilijua bati linalovuja ni lipi, na ni dirisha gani hupata jua la asubuhi nikishona. Bwana yangu alikuwa mtu wa maneno machache, akasema tu, "Tukiweza, tununue." Tulikuwa na akiba yetu. Kesho yake nilikuwa tayari kumpelekea Wafula malipo ya kwanza ili yule wa Moi's Bridge asitutangulie.

Sasa, Mungu ana njia zake. Jioni hiyo senge wangu alifika kutoka Bungoma. Senge ni shangazi, dada ya baba, na kwetu Wabukusu senge akisema, hata baba yako hunyamaza. Alikuja kumwona Simiyu aliyekuwa na surua. Nikamwambia habari njema, nikitarajia apige vigelegele. Akaweka kikombe chini.

"Siku ya kunyoa nywele ulienda?"

"Kunyoa nani, Senge?"

"Huyo mzee! Wewe unataka kununua nyumba ya mtu aliyekufa, na huko kwao hukukanyaga? Siku hiyo ndiyo ndugu hukaa chini, watu wakasema marehemu ameacha hiki, na watoto wake ni hawa. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nikishona sare za shule. Muhula ulikuwa unafunguliwa.

"Basi wewe unanunua mlango," akasema. "Wenye nyumba huwajui. Umeona kijana amevaa koti la baba yake, ukadhani amekuwa baba yake."

Niliudhika, sitakuficha. Nilimwona mzee wa kijijini asiyejua mambo ya mjini. Lakini senge hapingwi. Jumamosi tukaenda Ndalu, tumebeba sukari na mkate.

Walitupokea vizuri. Wafula alikuwepo, na mdogo wake, na baba yao mdogo. Mama yao alikuwa ametangulia zamani. Tukatoa pole, tukaonyeshwa kaburi, tukaketi. Mwanamke mmoja aliyefunga kitambaa cheusi akaleta chai, akageuka kurudi jikoni.

Senge akamwita. "Wewe mwenye chai. Wewe ni nani hapa?"

Akasimama. "Mimi ni Nekesa. Ni mtoto wa marehemu."

"Kaa basi."

Wafula akacheka. "Senge, huyo ni msichana. Aliolewa, ndoa ikamshinda, akarudi. Si unajua msichana hana neno kwa mali ya baba?"

"Nani alikuwa akimwosha baba yenu alipougua?"

Baba yao mdogo akakohoa, akaangalia uani. Nekesa mwenyewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, tayari kuinuka akifukuzwa. Nilimwonea huruma mpaka chai ikanikataa.

Senge akaendelea polepole. "Mimi sikuja kuwafundisha mambo ya nyumba yenu. Lakini mali ya marehemu hupitia kortini. Korti itataka barua ya chifu yenye majina ya watoto wote, na kortini hawaulizi huyu ni wa suruali au wa rinda. Mkimficha huyu, iko siku atasimama adai haki yake, na mtoto wangu hapa ndiye atakayetolewa nje na vyombo vyake. Kamalizeni kwanza. Sisi tutangoja."

Wafula akainuka kwa hasira. "Ngojeni basi! Wa Moi's Bridge hana maneno mengi. Nitamuuzia yeye."

Mwanangu, nililia njia nzima. Mvua ilikuwa ikinyesha, na mimi nalia. Nikamwambia senge, "Umeniharibia! Nyumba ilikuwa mkononi mwangu." Yeye akanijibu, "Mwenye pupa hadiriki kula tamu," kisha akalala usingizi hadi Kitale, akikoroma. Nilimchukia siku ile, Mungu anisamehe. Kila mtu aliyepita karibu na uzio wetu nilidhani ni mnunuzi amekuja kupima. Nilianza kufunga vyombo kwenye magunia. Bwana yangu akavifungua.

Miezi ikapita. Mahindi yakapandwa, yakapaliliwa, yakaanza kukauka. Asubuhi moja nikasikia hodi. Nikafungua, nikamwona Nekesa, miguu imejaa vumbi, amebeba kuku kwapani.

Nilimkaribisha, na kabla chai haijachemka akanieleza yote. Yule wa Moi's Bridge hakuwa mjinga. Alienda kwa wakili kabla ya kutoa chochote, na wakili akamwambia hawezi kupata hati mpaka korti ithibitishe mirathi, na watoto wote wa marehemu wakubali. Hapo Wafula akakumbuka kwamba ana dada. Alikuja jikoni na kalamu. Mara ya kwanza maishani, Nekesa alisema, kaka yake kumwomba kitu badala ya kumtuma.

"Nikamwambia kuuza sikatai," akasema. "Lakini huyo wa Moi's Bridge hata jina langu halijui. Yule mama wa Kibomet ndiye alikuja na senge wake, nikaambiwa nikae. Nitaweka sahihi kwa yule. Kwa mwingine, siweki."

Jamani! Nililia tena, lakini hiki kilikuwa kilio kingine. Kumbe ile safari niliyodhani imeninyang'anya nyumba ndiyo iliyokuwa ikininunulia. Korti ilipothibitisha, tukalipa mbele ya wakili, kila mtoto akapata fungu lake. Nekesa alijenga kwao Ndalu, nyumba ya bati inayong'aa, na Krismasi tunatembeleana mpaka leo.

Sasa nisikilize, wewe unayetafuta nyumba au ploti. Ukisikia inauzwa ya marehemu, usikimbie. Nyumba nzuri nyingi hupatikana hivyo. Ila usiongee na mmoja mlangoni. Nenda kwao, utoe pole kama binadamu kabla hujawa mnunuzi. Uliza watoto ni wangapi, wa kike na wa kiume, wa mke mkubwa na wa mke mdogo. Umtazame aliye jikoni. Ngoja korti imalize kazi yake, hata moyo ukiwaka, wala usitoe hata senti kabla wakili hajaridhika. Wakikuambia utachelewa, chelewa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mungu akupe paa lisilo na kilio cha mtu juu yake. Watoto wako walale humo bila hofu ya hodi, na wale walioishi humo kabla yako, wakipita barabarani, wakuite kwa jina lako na waingie kunywa chai.